Windows ya elfu kumi

Likizo iliyopita nilipigiwa Windows kwa shilingi elfu kumi pale Same mjini, hatua chache kutoka stendi. Sisi Wapare tunataniwa kwa ubahili kila kona ya chuo hiki, na siku ile nilistahili utani wote. Fundi alichomeka flashi, akazima antivairasi, akafungua kale kaprogramu ka kuamsha Windows bila leseni. Nikamuuliza mbona antivairasi anaizima. "Inasumbua, dogo. Ukiiacha inakafuta."

Nilipaswa kushtuka palepale. Mlinzi anasema huyu mgeni simwelewi, nasi tunamfungia mlinzi chooni ili mgeni apite.

Wiki tatu baadaye mama mdogo, kule Mamba Myamba, alipata ujumbe wa WhatsApp kutoka kwangu: nimezuiwa mtihani, anisaidie 80,000. Ndiyo kwanza alikuwa ameuza tangawizi. Akatuma. Namba haikuwa yangu, lakini ujumbe ulitoka kwangu kweli, maana WhatsApp yangu huwa wazi kwenye laptopu siku nzima. Mtu alikuwa ndani ya mashine, anaandika kwa jina langu, mimi niko darasani.

Wataalamu wanauita mlango wa nyuma. Mwenye asili ya milimani afikirie ndiva, lile bwawa la kukusanya maji usiku ili asubuhi yagawiwe kwa zamu mashambani. Mtu akitoboa tundu chini yake gizani, husikii kelele. Maji yanapungua tu. Programu hii nayo haipigi kelele kama vile virusi vya zamani vilivyogeuza mafaili ya flashi kuwa shotikati. Inajipa jina la kawaida, inajipanga iwake kila kompyuta inapowaka, kisha yenyewe ndiyo inampigia simu mwenye nayo kupitia intaneti. Ukuta wa kompyuta hukagua zaidi wanaoingia, na huyu anatoka ndani, kwa hiyo anapita. Anaona skrini, ananakili unachochapa. Paswedi hata haihitaji kama umeacha akaunti wazi.

Na si wezi wadogo tu wanaotumia mbinu hii. Mwaka 2015 shirika la Privacy International lilitoa ripoti kwamba vyombo vya usalama vya Uganda vilitumia programu ya FinFisher kuwapeleleza wapinzani baada ya uchaguzi wa 2011, hadi kupitia Wi-Fi za hoteli. Serikali ilikanusha. Operesheni yenyewe, kwa mujibu wa ripoti, iliitwa Fungua Macho. Kiswahili chetu hicho.

Kuitoa? Kwanza kata intaneti, maji yaache kutoka. Halafu chukua simu au kompyuta nyingine, badilisha nywila kuanzia ya barua pepe, na uondoe vifaa vyote vilivyounganishwa na akaunti zako. Ukibadilisha kwenye mashine ileile unamkabidhi funguo mpya. Rudi kwenye laptopu, uangalie orodha ya vitu ambavyo Defender imeambiwa isivikague. Yangu ilikuwa na folda nzima ambayo sikuiweka mimi. Futa ruhusa hiyo, kisha endesha ukaguzi wa Defender Offline, ule unaofanyika kabla Windows haijawaka. Mimi sikuishia hapo. Nilihamisha picha na noti tu, bila programu hata moja, nikafuta diski yote na kupiga Windows upya kutoka tovuti ya Microsoft. Ukishaibiwa mara moja, neno "imesafishwa" halikupi usingizi.

Sasa tusidanganyane. Wanaotuambia "nunueni leseni" hawajui bumu linaishaje. Ila wengi hatujui kwamba Windows isiyo na leseni inafanya kazi. Inakuandama kwa maandishi pembeni ya skrini na kukunyima kubadilisha mapambo, basi. LibreOffice ni bure na inaandika riporti ya fildi vizuri tu. Kaprogramu kale tunakalipia kwa ajili ya picha ya ukutani.

Serikali yetu ya wanafunzi ina bajeti ya jezi na ya bashi. Inashindwaje kununua flashi kumi zenye Windows safi na LibreOffice, zikae ofisini wiki ya mwaka wa kwanza? Msimu wa maombi ya mkopo wadogo zetu wanashuka kutoka Chome, Suji na Gonja hadi steshenari za mjini, wanaskani vyeti vya kuzaliwa na kuacha paswedi kwenye daftari la dukani. Wanafika hapa na laptopu za mitumba zilizopigwa kama yangu.

Fundi nilimrudia, nikiwa na hasira zangu zote. Nikamwomba tufungue orodha ileile kwenye kompyuta yake ya kazi. Folda ilikuwepo, jina lilelile. Alikaa kimya, kisha akaichomoa flashi na kuniuliza ile ya Microsoft inapakuliwa wapi.