UCHANGANUZI: Panya wakatao nyaya za trela usiku wanavyohatarisha maisha barabarani

MSIMU wa mavuno ya mahindi unapowadia katika maeneo ya North Rift, kati ya Oktoba na Desemba, si wakulima na wafanyabiashara pekee wanaochangamka. Panya nao huwa na karamu yao, na mara nyingi karamu hiyo huandaliwa kwenye malori yaliyopanga foleni nje ya maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB) na viwanda vya unga.

Lori likisimama siku mbili tatu bila kusonga huwa limempa panya kila anachohitaji: punje zilizomwagika kwenye sakafu ya trela, joto la injini wakati wa baridi ya usiku, na maficho ambayo paka hawezi kuyafikia.

Matokeo huonekana asubuhi. Dereva hugeuza ufunguo na injini ikakataa kunguruma, au ikanguruma ilhali taa zote za nyuma za trela zimezima. Hapo lawama huanza kurushwa huku na kule. Mwenye lori humlaumu dereva, dereva akamlaumu fundi, naye fundi akailaumu nyaya ya siku hizi kwamba haina ubora.

Ukweli ni kwamba panya hali waya ili ashibe. Meno yake ya mbele hayakomi kukua maishani mwake, na asipoyanoa kwa kuguguna vitu vigumu, huzidi urefu na kumzuia kula. Ganda la waya lina ugumu na unene unaomfaa. Isitoshe, panya jike huchana sifongo na vitambaa vya gari kutengenezea kiota.

Katika miaka ya hivi karibuni kumezuka madai kwamba panya huvutiwa na maganda ya nyaya yanayotengenezwa kwa malighafi ya soya. Mnamo 2016, wamiliki wa magari nchini Marekani waliishtaki kampuni ya Toyota katika mahakama ya shirikisho jimboni California wakitoa dai hilo. Kampuni hiyo ilikana, ikisema uharibifu wa panya hukumba magari ya kila aina.

Hata kama hoja ya soya ingekuwa na uzito, haiwezi kuwa maelezo ya pekee. Panya walikata nyaya za simu na za stima majumbani miaka mingi kabla ya soya kuingia katika viwanda vya magari. Kinachoamua zaidi ni mahali gari linapolala, muda linaokaa bila kutumiwa na chakula kilichoachwa karibu nalo.

Kenya imeshuhudia vipindi kadhaa ambapo magari yalisimama kwa muda mrefu. Serikali ilipoamuru mwaka wa 2019 kwamba makasha yanayoelekea bara yasafirishwe kwa reli ya kisasa (SGR), wenye malori mjini Mombasa walilalamika kuwa magari yao yamebaki yadini bila kazi. Uondoaji wa mizigo ulirejeshwa Mombasa Septemba 2022.

Vivyo hivyo, shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19, mabasi ya wanafunzi yaliegeshwa kwa miezi mingi, kwani wanafunzi wote hawakurejea hadi Januari 2021. Hata katika miaka ya kawaida, mabasi hayo husimama kila likizo, mara nyingi karibu na jikoni na ghala la shule. Paka akiondoka panya hutawala, na gari lisilowashwa ni himaya isiyo na paka.

Kati ya magari yote, trela ndiyo hupuuzwa zaidi. Kwa kuwa haina injini, wengi huiona kama sanduku la chuma lenye magurudumu. Ilhali chini yake hupita nyaya za taa za nyuma, taa za breki, taa za kuashiria kona na, katika trela za kisasa, za mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge breki zinapokanyagwa ghafla.

Waya mmoja ukikatwa waweza kuvuruga kazi ya nyaya zote. Ukiwa ni ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia mwili wa gari, taa hufifia au huwaka ovyo: dereva anaashiria kona, na taa za breki zinamweka badala yake. Anayemfuata nyuma hajui kama lori linapinda au linasimama.

Hatari nyingine hujificha. Panya anapobambua ganda bila kukata shaba, gari huendelea kufanya kazi kama kawaida. Mvua ikinyesha, maji hupenya, shaba hugeuka kijani na kuoza, na hitilafu hujitokeza wiki kadhaa baadaye, usiku wa manane, kwenye mteremko.

Waya uliobambuliwa pia ukigusa chuma, fyuzi hukatika. Baadhi ya madereva, wakiharakisha safari, huweka kipande cha waya mahali pa fyuzi. Kufanya hivyo ni kuondoa kinga pekee iliyopo dhidi ya moto.

Kisheria, mzigo huu uko mabegani mwa mwenye gari na dereva. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hutaka gari lililo barabarani liwe na taa zinazofanya kazi, na polisi hawatakubali panya kuwa kisingizio. Magari ya kibiashara hukaguliwa kila mwaka chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), lakini cheti cha ukaguzi hudumu mwaka mzima ilhali panya anahitaji usiku mmoja tu.

Bima nayo si kimbilio la hakika. Ile ya lazima, chini ya Sura ya 405, humlinda mtu wa tatu wala haigharamii nyaya za mwenye gari. Hata walio na bima kamili wanapaswa kusoma mkataba kwa makini, kwa maana aghalabu hitilafu za umeme na uchakavu huwekwa kando.

Je, kinga ni ipi? Ya kwanza na ya bei nafuu zaidi ni usafi. Trela ifagiwe pindi mzigo unapopakuliwa, hasa pembeni na kwenye mianya ya mbao. Mabaki ya chakula yasilale ndani ya kebini, wala gari lisiegeshwe kando ya jaa la taka, rundo la magunia au nyasi ndefu.

Pili, gari lisilo na safari liwashwe na kusogezwa mara kwa mara, na boneti ifunguliwe mchana ili mwanga uingie. Vinyesi vyeusi, manyoya na vipande vya sifongo ni dalili za mapema. Mwenye kusafisha avae glavu na kulowesha uchafu kwa dawa ya kuua viini kabla ya kuufuta, kwani mkojo wa panya waweza kueneza homa ya leptospirosisi.

Tatu, nyaya za trela zipitishwe ndani ya mirija migumu na kufungwa juu ya chesisi badala ya kuning'inia. Mianya izibwe kwa wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita sita, kwani panya mdogo hupenya tundu la upana wa penseli. Kampuni ya Honda huuza utepe uliotiwa ukali wa pilipili wa kuviringishia nyaya, ishara kwamba hata watengenezaji wanalitambua tatizo hili.

Kuna njia zinazopendwa ambazo zina kasoro. Oili chafu inayopakwa kwenye nyaya huharibu mpira. Sumu nayo humuua panya ndani ya injini akaozea humo, na yaweza kuua paka, mbwa na bundi ambao wangepunguza panya hao bila malipo. Mitego iliyowekwa kando ya ukuta wa yadi hufaa zaidi.

Hata hivyo, hatua hizi zote zitabaki maneno matupu iwapo wenye malori wataendelea kuwalipa madereva na utingo kwa idadi ya safari pekee. Kukagua taa za trela huchukua dakika tano: mmoja hukanyaga breki, mwingine husimama nyuma akitazama. Dereva anayejua kwamba atakemewa kwa kuchelewa hatazitumia dakika hizo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika suala hili gharama haiishii kwa mwenye lori. Anayelipa zaidi huenda akawa abiria wa matatu inayolifuata lori hilo usiku, ambaye hakuwahi kuiona yadi ambamo panya aliguguna waya ule.