Kibao Kifupi na Kibao cha Fahari

Msomaji, ukifungua sanduku la kompyuta ya mezani utaona, karibu na kichakataji, vibao vyembamba vilivyosimama wima katika mifereji yao. Hivyo ndivyo vibao vya kumbukumbu. Kibao cha aina ya DDR4 kina urefu wa milimita 133.35 na kimo cha milimita 31 na kitu. Vigusio vyake ni 288, na pengo lililokatwa ukingoni humzuia mtu kukitia kinyume au kukitia katika mfereji usio wake. Chombo hiki kimetimia. Walakini wako watengenezaji ambao hawakuridhika. Wamekivika mabati ya alumini yenye miiba na taa za rangi, hata vingine vimepita milimita 50 kwa kimo, na kijana wa Muyeye azitazamapo picha zake hudhani kuwa kilicho kirefu ndicho chenye nguvu.

Nashindana na dhana hiyo. Bati husemwa kuwa ni la kupoza. Lapoza nini? Kibao cha DDR4 hutumia volti 1.2 tu, na joto lake ni la wati chache. Kichakataji kilicho jirani aghalabu hutoa wati 65 au zaidi. Mwenye homa ni huyo. Tena feni kubwa ya kichakataji hutandaza mbavu zake juu ya mifereji ya kumbukumbu, na kibao kirefu huizuia isikae mahali pake. Feni ikipandishwa, mfuniko wa sanduku haufungi. Ikibadilishwa kwa ndogo, mgonjwa amenyimwa upepo ili mzima avae kilemba! Huku kwetu pwani, ambako mwezi wa Machi hewa ya chumbani yenyewe hupita nyuzi 30, kosa hilo si dogo, maana hakuna bati liwezalo kupoza kitu kushinda hewa inayolizunguka. Na fedha yote hiyo ni ya mzazi. Taa haizidishi kumbukumbu hata herufi moja.

Nitajibiwa kwamba wako wanaoendesha kumbukumbu kwa kasi na volti kupita kawaida, na kwamba kibao cha DDR5 hubeba kirekebisha umeme chenye joto lake. Nakubali. Wapewe bati, lakini bapa, lisilozidi sana kimo cha kibao. Katika seva zilizobanana hutumika vibao vya kimo cha milimita 18.75 hivi, navyo hufanya kazi usiku na mchana pasipo pembe.

Waliojenga Gede, kilomita kama 16 kutoka Malindi, walikadiria upana wa vyumba kwa urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Hawakuanza na pambo kisha wakailazimisha boriti. Nawe chukua rula kabla ya kutoa fedha: pima nafasi iliyo chini ya feni, kisha uliza kimo cha kibao. Muuzaji akikuonyesha picha ya taa, naye hana kipimo cha kimo, mwachie kibao chake.