Mume Ananigusa, Sisikii Kitu

Mama mmoja ameandika kwamba tangu atolewe kizazi amekuwa kama gogo kitandani. Mumewe anadhani hapendwi tena, naye anauliza kama amelaaniwa.

La, mama, hujalaaniwa. Kwanza ujue ulitolewa nini. Wanaotolewa mfuko wa uzazi peke yake, wengi hurudiwa na hisia kidonda kikipona. Lakini kama ovari nazo ziliondolewa, homoni ya estrojeni hushuka ghafla: uke hukauka, tendo la ndoa huuma, hamu hupungua. Muulize daktari wako, imeandikwa kwenye faili.

Umesema pia unameza fluoksetini kwa ajili ya sonona. Dawa hiyo inajulikana kupunguza hisia na kuchelewesha kilele. Usiiache ghafla! Sonona ikirudi utakuwa na shida mbili. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadili dawa, mradi ajue. Najua kumtamkia daktari kijana maneno haya ni kazi. Basi yaandike kwenye karatasi umpe.

Ukavu nao una msaada. Duka la dawa huuza kilainishi cha maji, na ipo krimu ya estrojeni ambayo daktari huandika. Kama uliwahi kuugua saratani ya matiti, mwambie kwanza.

Na mumeo? Usijifanye unafurahia. Katika 1 Wakorintho 7 Paulo anawapa mume na mke haki sawa juu ya miili yao, hivyo naye ajifunze upya mahali unaposikia: shingo, mgongo, mapaja. Msiharakishe. Ikiuma, mwambie aache.