Soma swali kwanza!

Najua nimepotea karibu mwezi mzima. Kulikuwa na majaribio, kulikuwa na kazi za vikundi (zile ambazo kikundi ni wewe peke yako), halafu kulikuwa na gari la mjomba. Leo nataka kuongelea hilo gari.

Mjomba wangu yuko nyumbani Maji ya Chai, ana Toyota IST ya mwaka 2003. Hilo ndilo shamba lake. Anabeba watu wa kukodi kati ya Usa River na Kikatiti, wengine anawapandisha mpaka Ngurdoto. Na mimi, bumu likikata kabla ya wakati, gari hilo hilo ndilo linalonilisha. Kwa hiyo likiumwa, tunaumwa wote.

Basi bwana, taa ya injini ikawaka. Gari likisimama linatetemeka, kwenye kilima halina nguvu, mafuta linakunywa vibaya mno. Mjomba akalipeleka kwa fundi. Fundi akachomeka kimashine chini ya usukani, kikaandika P0100. "Sensa ya hewa imekufa, lete laki na themanini." Dakika tano, kesi imekwisha.

Hiyo laki na themanini ilikuwepo. Ila ilikuwa ndani ya bahasha yangu ya mazoezi ya kufundisha: nauli, chumba na chakula. Mjomba akanipigia kwa ile sauti ya upole ambayo ukiisikia tu unajua kuna pesa inaondoka.

Nikamwomba anisubiri hadi Jumamosi. Akacheka. "Mwalimu, kwani siku hizi huko chuo mnafundishwa ufundi?"

Hatufundishwi. Lakini mwenzangu wa chumba cha pili anapenda magari kuliko masomo, akanieleza jinsi hiyo sensa inavyofanya kazi. Ndani yake kuna kinyaya chembamba kinachopashwa moto kwa umeme. Hewa inayoingia kwenye injini inapita hapo na kukipooza, kama unavyopuliza chai. Kompyuta ya gari inaangalia inahitaji umeme kiasi gani kukirudishia joto, hapo inajua hewa iliyoingia ni kiasi gani, ndipo inapima petroli ya kwenda nayo. Kipimo kikikosewa, petroli nayo inakosewa. Safi kabisa!

Nikaingia mtandaoni. Kila video inasema: safisha sensa. Nikanunua dawa yake ya kupuliza mjini Arusha (iwe ile ya sensa hasa, msitumie petroli wala kusugua na pamba, kile kinyaya kitakatika). Jumamosi nikaifungua kwenye mfuniko wa boksi la chujio la hewa, nikapuliza, nikaiacha ikauke, nikarudisha. Tukatoa waya wa betri kidogo ili taa izime. Ikazima! Mjomba akanisifia mbele ya majirani. Jumapili nikarudi chuo natembea kama injinia.

Jumatano taa ikawaka tena.

Jamani, aibu niliyoisikia siku ile... Mjomba hakunigombeza. Alisema tu, "Basi mwanangu, Jumatatu nitanunua hiyo sensa." Ningekuwa mpole kama yeye ningenyamaza. Ila usiku ule nikafanya kitu ambacho nilitakiwa kukifanya siku ya kwanza: nikaisoma ile namba yenyewe. P ni injini na gia. Sifuri inayofuata ni kwamba namba hiyo ni ya viwango vya pamoja, si ya kampuni moja. Ile 1 ni upande wa hewa na mafuta. Na P0100 yote kwa pamoja inasema kuna hitilafu kwenye njia ya umeme ya kipimo cha hewa. Njia! Humo kuna sensa, kuna waya, kuna soketi. Hakuna mahali imeandikwa "sensa imekufa", na hakuna mahali imeandikwa "sensa chafu". Fundi alijibu swali ambalo halikuulizwa, na mimi nikajibu jingine ambalo nalo halikuulizwa.

Jumamosi ya pili tukawasha gari, boneti juu. Nikashika zile waya tano zinazoingia kwenye sensa, nikazitikisa taratibu. Injini ikakohoa, nusura izime. Nikaachia, ikatulia. Nikatikisa, ikakohoa. Mjomba akasema, "Eh!" Tukazima, tukachomoa soketi. Kile kidole cha plastiki cha kuifunga kilishavunjika, bila shaka siku moja wakati wa kubadilisha chujio, na kipini kimoja ndani kimerudi nyuma. Barabara zetu za ndani zinalitikisa gari siku nzima, kipini kinagusa, kinaachia. Tukasafisha, tukakisukuma mpaka kikalia "ka!", tukaibana soketi na kamba za plastiki za kubania waya. Hii ni wiki ya tatu, taa haijawaka. Bahasha ipo.

Sasa hoja yangu. Msidhani nimekuja kuwasema mafundi. Yule fundi si mwizi. Nilipomuuliza kwa nini hakuangalia waya, aliniambia ukweli: "Dogo, nani atanilipa kuangalia?" Mteja wetu analipia kitu anachokishika mkononi. Ukikaa saa nzima unatafuta waya, anasema hujafanya kitu. Ukimwekea spea mpya, anatoa pesa. Sisi wenyewe ndio tumewafundisha mafundi kubadilisha badala ya kupima, halafu tunalalamika kuwa tunaliwa.

Na hili si la magari tu. Mimi nimekulia kwenye maji ya Meru, meno yangu mnayajua, yana kahawia. Nilipokuwa shule ya msingi niliwahi kusimamishwa mbele ya darasa niambiwe nijifunze kupiga mswaki. Nilipiga mswaki mpaka fizi zikatoa damu. Kumbe ni floraidi, inatoka kwenye miamba ya volkano ya mlima wetu, inaingia kwenye maji, na mtoto akiyanywa wakati meno yanajengeka, rangi inabaki humo humo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku kwetu vipo vyanzo vinavyozidi hapo sana. Pale pale Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuiondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa. Jibu lilikuwa kilomita chache kutoka darasani, ila kwa kuona doa, mtu akaamua ni uchafu. Taa imewaka, badilisha sensa!

Sasa sisi walimu watarajiwa ndio tunaokwenda kushika kalamu nyekundu. Mtoto akipata 3 kwa 10, hiyo 3 ni P0100 yake. Inakwambia njia ipi ina hitilafu, haikwambii kwamba kichwa kimekufa. Labda haoni ubao. Labda hajala. Labda hakuielewa lugha ya swali. Utajua tu ukitikisa waya mmoja mmoja, na najua darasa la watoto themanini halikupi muda huo. Hata hivyo mimi nimejiwekea nadhiri: kila wiki ya mazoezi, madaftari matano ya waliofeli nitakaa nayo pamoja na wenyewe.

Mjomba naye ameanza. Juzi breki zililia, akampelekea fundi yule yule, akamwambia, "Hii elfu kumi ni ya kuangalia tu. Usibadilishe kitu." Fundi akakaa saa nzima chini ya gari.

Kila mtihani wasimamizi wanatuambia tusome swali kwanza. Kumbe walikuwa na maana.

Naomba kuwakilisha.