SADAKA HAIFUTI DENI

Kila ufikapo mwezi wa Novemba, watu wa Uingereza hubandika vifuani mwao ua jekundu la karatasi, na fedha zipatikanazo huwasaidia askari walioumia vitani na jamaa za waliokufa. Desturi hiyo ilianza kwao mwaka 1921, na mwaka uliofuata kikafunguliwa kiwanda ambamo maua hayo yalitengenezwa na askari waliorudi hawana mkono au mguu. Hatuna neno na jambo hili. Ni jambo la utu, na aliyelibuni alifahamu kuwa kilema hataki kuonewa huruma tu, bali ataka kazi. Hata mwaka 2007, vijana wao walipokuwa wakirudi kutoka Iraq na Afghanistan wamekatika viungo, raia waliunda chama cha Help for Heroes, wakachanga mamilioni ya paundi.

Walakin msomaji na atazame vizuri. Askari wa Kiingereza aipatapo sadaka hiyo, huipata juu ya haki yake. Serikali iliyompeleka vitani imemwekea malipo kwa sheria; na aliyeumia tangu tarehe 6 Aprili 2005 ana mpango maalumu, mguu una fungu lake na jicho lina fungu lake. Kwake yeye sadaka ni kitoweo. Wali umekwisha pakuliwa.

Je, huyu wa kwetu? Katika vita vya 1939 hata 1945, watu zaidi ya 250,000 wa Afrika Mashariki walitiwa jeshini, wengine kwa khiari na wengine kwa kushikwa. Wakapigana Uhabeshi mwaka 1941, wakenda Madagaska mwaka 1942, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikateremka bonde la Kabaw huko Burma wakati wa mvua kubwa, matope yakiwafika magotini, na malaria ikiwaangusha kama iangushavyo risasi, hata wakaufikia mto Chindwin. Tarehe 12 Februari mwaka huo huo, meli Khedive Ismail, iliyowapakia wapiga mizinga wetu kutoka Mombasa, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Watu 1,297 walikufa kwa dakika chache.

Na malipo yao? Hati zilizofichuliwa mwaka 2019 zaonyesha kuwa kiinua mgongo cha vita kilipimwa kwa rangi ya ngozi, hata Mzungu wa cheo kile kile akapewa mara tatu ya Mwafrika. Wala risasi ya Mjapani haikuwa na bei mbili.

Basi haki ilipopunguzwa, sadaka ndiyo iliyotiwa mahali pake. Kiko chama cha askari wa zamani wa Jumuiya ya Madola, kilichoasisiwa Cape Town mwaka 1921, ambacho kimewalisha wazee wengi, nasi twakishukuru kwa insafu. Mwaka 2018 serikali ya Uingereza ilitangaza kiasi cha paundi milioni 12 kwa wazee na wajane wapatao 7,000 katika nchi hizo, ili wapate milo miwili kwa siku. Ajuaye hesabu ya duka na agawe: ni kama paundi 1,700 kwa kila mtu, nazo si za mwaka mmoja. Mtu aliyekopa pishi kumi za mchele, kisha akamletea mwenye duka pishi moja akasema, "Pokea, zawadi yako," je, jina lake litafutwa daftarini? Sisi tuuzao mchele twajua jibu.

Watasema kwamba wenyewe wamekwisha kufa. Ni kweli kuwa waliosalia ni wachache mno. Hata aliyeingia jeshini mwaka 1945 na miaka 18, leo akaribia karne. Lakini mdai akifa, warithi wake hawafi naye, na majina ya askari yaliandikwa na Waingereza wenyewe, kwa kalamu zao, pamoja na namba na mishahara. Madaftari hayo na yafunguliwe. Kila aliyepunjwa na ihesabiwe tofauti yake, alipwe yeye, au mjane wake, au watoto wake, na barua iandikwe kuwa ni malipo. Maua ya karatasi na yaendelee kuuzwa. Hayo ni mengine.