Tafi na Nyumba Yake ya Nyasi



Juma hili tumtazame samaki anayejulikana katika kila jiko la Pwani, naye ni tafi. Huyu si nguru wala jodari wa kufuatwa kwenye maji makuu. Ni samaki wa maji haba, wa upande wa ndani wa miamba, palipoota nyasi za bahari. Ndiyo sababu amekuwa riziki ya mvuvi asiye na mashine, ambaye mali yake yote ni mtumbwi, upondo na malema machache.

Nyasi hizo wengi wetu huzijumlisha pamoja na mwani, ilhali ni vitu viwili mbalimbali. Mwani hauna mizizi ya kweli wala hautoi maua. Nyasi za bahari zina mizizi, majani na maua kama nyasi za bara, ila zimejaaliwa kuishi ndani ya maji ya chumvi. Katika pwani ya Kenya, kutoka Kiunga hadi Vanga, zimetambuliwa aina 12. Kwa tafi, nyasi hizo ni chakula na ni maficho pia. Hula majani yake na mwani ulioshikamana nayo, na watoto wake hujisitiri humo wasionekane na samaki wakubwa.

Msimu wa kaskazi, bahari inapotulia, tafi wakubwa hukusanyika kutaga mayai, aghalabu katika siku zilizo karibu na mwezi mpevu. Vitoto vinapoanguliwa huchukuliwa na maji kwa muda, kisha hurejea kwenye maji haba kutafuta nyasi. Vikizikuta, hukua. Visipozikuta, huliwa. Kwa hiyo samaki wa mwakani hutegemea hali ya nyasi za leo.

Wazee wetu waliufahamu mpango huu, na lema ni ushahidi. Hufumwa kwa fito, likatiwa mwani kuwa chambo, kisha likalazwa kwenye uwazi kati ya nyasi na kugandamizwa kwa mawe. Mvuvi huenda zake, maji yakajaa na kupwa, naye akarudi kulizua. Lema humngoja samaki, halimfukuzi, na linapoondolewa nyasi hubaki mahali pake.

Juya halifanyi hivyo. Ni wavu wa macho madogo unaovutwa na watu wengi hadi ufuoni, nao hukokota kila kilicho njiani. Tafi wa ukubwa wa kidole huingia pamoja na wazazi wao, na nyasi hung'olewa au kukanyagwa na miguu ya wavutaji. Serikali ililipiga marufuku juya mwaka 2001, lakini lingali likionekana katika baadhi ya fuo zetu.

Hapa yatupasa kuwa waadilifu. Wanaolivuta aghalabu ni vijana wasio na chombo wala malema, wanaofanya kazi kwa mwenye wavu na kugawiwa sehemu ndogo ya pato la siku. Kumkamata kijana huyo bila ya kumwonyesha kazi nyingine ni kumhamisha tu kutoka ufuo huu hadi ule. Kamati za usimamizi wa fuo, yaani BMU, zitafanya jambo la maana zikihimiza wenye uwezo kumkopesha kijana malema matatu au manne, akalipa kidogo kidogo kutokana na anachovua.

Hata lema lenyewe si kamilifu, kwani tundu zake zikiwa ndogo humzuia hata yule asiyestahili kuvuliwa. Dawa yake ni nyepesi. Huachwa upenyo mwembamba wa wima, wa sentimita chache tu, ambao tafi mchanga huupenya na mkubwa hubaki ndani. Utafiti uliofanywa katika pwani yetu na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa malema ya namna hii huleta samaki wakubwa zaidi, na kipato cha mvuvi hakipungui, bali huongezeka. Hakuna chombo cha kununua hapo. Kinachohitajika ni mkono wa mfumaji.

Basi sisi tulio nyumbani tuna kazi gani? Kazi yetu iko sokoni. Tafi huanza kuzaa akishapita urefu wa sentimita 20 hivi, na kipimo hicho kila mmoja wetu anacho mkononi, nacho ni shibiri. Mwenye uwezo na amnunue tafi wa shibiri au zaidi, na aliyepungua amwache. Mama wa nyumba mwenye shilingi chache hatulaumiwi akichukua fungu la wadogo, wala mama karanga anayewakaanga ili alishe wanawe. Lakini wengi wetu twaweza kuongeza kidogo tukapata mkubwa, na bado twachagua wadogo kwa mazoea. Mchuuzi huagiza kinachouzika, na mvuvi huleta kinachoagizwa.

Kabla ya kumtia chunguni, tuwatahadharishe watoto. Tafi ana miiba 13 mgongoni na mingine tumboni, nayo ina sumu hata akiwa amekufa. Akatwe miiba kwanza kwa mkasi au kisu kikali. Mtu akichomwa, atie kiungo hicho ndani ya maji ya moto anayoweza kuyastahimili bila ya kuungua, kwani joto huivunja sumu na kutuliza maumivu. Uvimbe ukizidi, aende zahanati.

Kaskazi ikiingia, tafi watakwenda kutaga kama ilivyo ada yao. Vitoto vitarudi kutafuta nyasi, na vitakapofika vizikute.