Mafundi wa Kubahatisha

Nitasema bila kuficha: wengi wanaojiita mafundi umeme wa magari ya zamani ni wauza vipuri waliovaa ovaroli. Taa ikigoma, hubadilisha balbu. Ikizidi kugoma, hubadilisha swichi, kisha betri, kisha dainamo. Mwenye gari hulipia kila hatua, na ugonjwa wenyewe haujaguswa.

Chukua Morris Minor, gari lililotengenezwa Uingereza tangu 1948 hadi 1971. Taa zake zikififia, watu humcheka marehemu Joseph Lucas wa Birmingham, kwa kuwa kampuni yake ndiyo iliyotengeneza vifaa vya umeme vya gari hilo. Huo ni mzaha wa wavivu. Umeme ukishafika kwenye taa lazima urudi kwenye betri, nao hurudi kupitia bodi ya gari. Nati moja iliyoshika kutu yatosha kuubana. Tupige hesabu, ndugu msomaji. Taa ya wati 45 kwa volti 12 huvuta karibu ampia nne. Weka ukinzani wa nusu omu tu njiani: taa itabakiwa na volti kumi na kidogo, na mwanga utapungua kwa zaidi ya theluthi. Balbu mpya itafaa nini hapo? Kinachotakiwa ni kipande cha msasa. Georg Ohm alichapisha kanuni hii mwaka 1827, na bado kuna gereji ambazo habari haijafika!

Kinachoniudhi zaidi ni waya. Waliounda gari lile waliliandikia lugha ya rangi. Kahawia hutoka moja kwa moja kwenye betri. Nyeupe huja baada ya swichi ya ufunguo. Kijani imepita kwenye fyuzi. Buluu ni taa kubwa, nyekundu ni taa ndogo, nyeusi hurudi kwenye bodi. Fundi wetu hukata yote hayo na kuunga waya wowote aliookota sakafuni, kisha humwachia mwenzake atakayekuja kesho kitabu kilichochanwa kurasa. Fyuzi ya ampia 35 ikikatika, huweka karatasi ya pakiti ya sigara. Kuanzia hapo kitakachoungua ni waya, na waya hupita nyuma ya dashibodi, mbele ya magoti ya watoto wa watu.

Najua nitajibiwa kwamba vijana hawa hawakupata shule. Sikubali. Taa ya kujaribia ni balbu moja na waya mbili; mtoto wa darasa la saba huitengeneza kabla ya kengele. Wa kulaumiwa ni wakubwa wao, wanaomweka kijana miaka mitatu akileta spana na chai, bila kumweleza hata kwamba katika Morris ni nguzo chanya ya betri inayofungwa kwenye bodi, kinyume cha magari ya siku hizi. Halafu anaunguza redio ya mteja, na anatukanwa yeye.

Basi ukimpelekea fundi gari lako, mwambie awashe taa, ashike voltimita, ncha moja kwenye bodi ya taa, ya pili kwenye nguzo ya betri iliyofungwa kwenye bodi. Ikionyesha volti nzima au zaidi, ubovu uko kwenye njia ya kurudi. Akikwambia hana voltimita, lakini balbu anazo, funga boneti uondoke.